Nilipoambiwa "Tumesikia" Kule Jego

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali moja: imekuwaje mwenyekiti wa shule yetu awe mtu wa Jego, fundi wa madema ya kuvulia samaki, na mimi niliyekaa Uingereza miaka miwili nikarudi na diploma ya uongozi, niwe mwandishi wake? Wengine wananiuliza kwa huruma, wengine kwa kicheko. Nimechoka kulijibu barabarani nusu nusu, kwa hiyo naandika safari yote tangu nilipotoka mpaka niliporudi, msome wenyewe.

Kwanza mjue ninyi mnaonifahamu tangu utotoni kwamba sikusomeshwa na mtu. Baba alikufa nikiwa mdogo, nikauza mbata za nazi, nikafundisha watoto alifu na bee, nikajisomea Kiingereza kwa taa ya kibatari, na nilipochaguliwa kwenda Ulaya nilishindana na watu wenye baba zao. Kule darasani, miezi ya kwanza, nilikaa kimya kama nilivyolelewa, nikingoja niulizwe. Mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba sina maoni. Nilisoma maneno yale mara tatu. Nikabadilika. Nikajifunza kusimama, kumtazama mtu machoni, kutaja jina langu kabla ya lake na kusema ninachokitaka bila kuzunguka. Mwisho wa mwaka wa pili nilikuwa mkuu wa bweni, na wenzangu waliobaki kimya hakuna aliyewajua. Hayo ndiyo niliyorudi nayo Msambweni, pamoja na diploma yangu ndani ya mkebe wa bati.

Msambweni hadi Kwale

Shida yetu mnaijua. Mtoto wa kwetu akimaliza darasa la nne hana pa kwenda ila ng'ombe wa mtu au shamba la mtu. Nikaenda Kwale kumwona Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, na shangazi yangu Mwanakombo akashikilia kwenda nami. Alikuwa anakwenda Jego kumwona binti yake aliyejifungua, na Kwale si njia ya Jego hata kidogo, lakini alisema haniamini kuamkia watu peke yangu.

Nje ya ofisi palikuwa na benchi, na juu yake mzee wa Kiduruma, mfugaji, amekaa na fimbo yake kati ya magoti. Karani aliniambia mzee yule anakuja siku ya tatu leo na bado hajasema shida yake. Mimi sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja mlangoni, nikataja jina langu, nikasema nina jambo la dakika kumi. Nikaingizwa. Shangazi alibaki kwenye benchi na mzee.

Bwana Shauri alinipenda. Nilimwambia tunataka shule ya kati, nikamwambia itakaa wapi na kwa nini, na kila aliponikatiza nilimkatiza vilevile. Akacheka. Akasema serikali ina walimu wawili na mabati ya shule moja tu, na watu wa upande wa Kinango nao wameomba. Atatupa sisi kwa sharti moja: Alhamisi ijayo watu wa Msambweni, Bodo na Jego wafike mbele yake pamoja, wakubaliane, na wamtaje mwenyekiti mmoja. Ukikosekana upande mmoja, mabati yanakwenda Kinango.

Nilitoka nikitembea kama mtu aliyeshinda mpira. Shangazi hakusimama.

"Huyu mzee," akasema, "ng'ombe wake wawili wamechukuliwa na askari kwa makosa. Siku tatu anangoja aulizwe."

"Si aseme?"

"Anangoja aulizwe," akarudia, kana kwamba mimi ndiye sikusikia Kiswahili.

Tulikuwa na siku sita. Nikamshika mkono tukaenda zetu.

Diani, katika mvua

Basi lilitushusha milima ya Kwale vizuri, kisha likafa kabla ya kufika Ukunda. Dereva akafungua boneti, akatazama, akafunga, akakaa kando ya njia kuvuta sigara. Nilimwuliza itachukua muda gani. Akasema Mungu akipenda. Nikamwambia nataka saa, si dua. Akanitazama, akasema saa ninayo mimi mkononi.

Mvua ikaanza. Nikaona tukikaa pale tutalala pale, nikamvuta shangazi tukafuata njia ya kwenda pwani, nikitumaini kupata gari la wazungu wenye nyumba za mapumziko Diani. Hatukupata gari. Tukapata kibaraza cha jiko la nyumba moja ya wageni, na mpishi wake akatuita tuingie tusilowe. Alikuwa Mkamba, jina lake Mutua, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mweupe, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwenda mbio. Wageni wake walikuwa wamekwenda Mombasa, chakula kimebaki: wali, nyama ya kuchemsha na viazi, sahani mbili zimejaa.

"Mama, unakula?" akamwuliza shangazi.

"Ahsante, baba. Nimeshiba."

"Sawa," akasema Mutua, akaichukua sahani ile akairudisha jikoni.

Mimi nilisema nina njaa, nikala yangu, nikaulizwa kama nataka tena, nikasema nataka, nikaletewa ile ya shangazi. Sikujua ilikuwa ya shangazi mpaka nilipofika katikati. Yeye alikuwa amekaa wima, mkoba wake wa ukili mapajani, anaitazama mvua. Mutua alimpa chai, na chai aliinywa yote.

Tuliporudi barabarani nilimwuliza kama kweli alikuwa ameshiba.

"Tangu asubuhi sijatia kitu kinywani."

"Mbona umekataa?"

"Nimekataa mara moja," akasema. "Mtu mwenye adabu haruki kwenye sahani ya watu. Anakataa, anabembelezwa, anakataa, anabembelezwa, ndipo anakula. Yule baba kanikatia njiani."

Nilicheka mpaka nikasimama. Nikamweleza kwamba Mutua hakuwa na kosa, kwao neno hapana ni hapana, na Uingereza ni hivyohivyo, na kwamba dunia sasa ni ya watu wanaosema wanachokitaka.

"Basi na wewe kaseme Jego," akanijibu.

Bodo

Msambweni tulipita siku moja tu, niwaambie watu wetu wajiandae, kisha tukaenda Bodo. Hapo sina la kusimulia refu. Tulikula muhogo wa nazi na samaki tasi wa kuchoma mpaka vidole vikanata, nikasimama mbele ya msikiti baada ya sala ya alasiri nikasema mambo yangu kwa robo saa, wakaniambia Alhamisi watakuja. Nikamwambia shangazi, umeona? Akasema Bodo ni wajomba zangu, hata ningewaambia tukajenge shule kwenye mikoko wangekuja.

Nilitaka kuondoka siku ileile. Mjomba akasema niondoke vipi na kuku amekwisha chinjwa. Nililala Bodo nikihesabu siku: zimebaki tatu na usiku mmoja.

Ramisi

Mto Ramisi ulikuwa umepanda juu ya daraja. Magari yalipangana upande huu na watu wamekaa chini kando yake wakila miwa, bila haraka, kama waliokuja kwa ajili hiyo. Mimi nilikwenda ukingoni nikarudi, nikaenda nikarudi. Nilipendekeza tushikane mikono tuvuke, nikaanza hata kupanga nani awe mbele. Watu walinisikiliza vizuri sana. Hakuna aliyenyanyuka.

Saa nne nzima. Kisha mwanamke mmoja muuza vitumbua, ambaye muda wote hakuwa amesema lolote, alijitwika sinia lake, akakunja leso yake, akaingia majini taratibu. Maji yalimfika magotini. Nyuma yake wakanyanyuka wote, kama walioitwa. Na mimi nikavuka, mkebe wangu kichwani, wa kumi na ngapi sijui. Jambo hilo lilinisumbua, lakini sikulifikiria sana wakati ule. Ng'ambo tulipata lori lililotufikisha Lunga Lunga, na kutoka pale tukatembea.

Jego

Tulifika jioni ya Jumatatu, tumetapakaa matope. Binti wa shangazi alitupokea kwa maji ya moto na wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mumewe akaenda kuwaambia wakubwa wa kijiji kwamba kuna mgeni mwenye maneno.

Asubuhi ya Jumanne walikusanyika barazani kwa mkwe huyo, watu wazima kama kumi na wawili. Kahawa ikazunguka na tende. Walianza kuuliza hali: ya Msambweni, ya njia, ya mvua, ya wagonjwa wetu, ya nazi zetu. Niliwajibu, lakini kwa kifupi, maana saa yangu ilikuwa inakwenda. Hali ilipofika kwenye nazi mara ya pili, nilisimama. Nikataja jina langu. Nikawatazama machoni, mmoja baada ya mwingine. Nikawaeleza shule, mabati, walimu, Kinango na Alhamisi. Nasema bila kujisifu kwamba sijawahi kusema vizuri kama siku ile, hata mbele ya wakuu wa chuo.

Nikamaliza. Pembeni alikuwako mtu mmoja mwembamba wa makamo, ana kovu la kisu cha kuchania mianzi kwenye kidole gumba. Huyo ndiye Mzee Kassim, fundi wa madema, ile mitego ya kusuka ya kuvulia samaki. Alikuwa hajasema kitu tangu kahawa. Akauliza kwa sauti ambayo ilibidi niiname kuisikia:

"Na katika jambo hili, mwanetu, wewe uliyesoma ndiye utakayetuongoza?"

"Ndiyo," nikasema. "Mimi."

Wakatazamana. Mzee Kassim akaweka kikombe chake chini.

"Tumesikia," akasema.

"Tumesikia," wakasema wote.

Wakaniombea dua, wakanipa mkono, wakaondoka. Nikamwambia shangazi tayari, Jego wamekubali, kesho alfajiri tunaondoka nao, Alhamisi asubuhi tuko Kwale. Alikuwa anamwogesha mjukuu wake. Hakuinua uso.

Alfajiri ya Jumatano nilisimama njiapanda nimevaa viatu. Kulikucha. Jua likapanda. Wanawake walipita na madebe ya maji wakaniamkia vizuri. Hakuna mwanamume aliyekuja. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikasema watu wa Jego si wakweli, wamekubali jana kwa vinywa vyao.

"Nani kakubali?" akauliza shangazi.

"Wote wamesema tumesikia."

"Tumesikia maana yake masikio yao mazima, mwanangu. Ulitaka waseme wao ni viziwi?"

Nilikaa kwenye kizingiti. Akaja akakaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu Kwale hakunifanyia mzaha.

"Yule Kassim alikupa heshima," akasema. "Alikuuliza kama wewe ndiye utakayewaongoza, ili useme huwezi, wako wanaokuzidi. Wao wangekwambia la, ni wewe. Ungekataa tena, wangekwambia tena. Hapo ungekuwa mkubwa wao, maana wangekuwa wamekuweka wao. Wewe umejiweka. Mtu aliyejiweka, wao wana kazi gani naye?"

Nilimwambia hilo nalijua, nimezaliwa nalo. Na ni kweli nalijua. Ndiyo maana niliumia, kwa sababu hakuna aliyenificha kitu. Nilikuwa nimelisahau kama mtu anavyosahau njia ya kwao.

Nikataka kwenda kuwaita tena nijieleze. Shangazi akasema nikiwaita tena watasikia tena. Akaniambia niende kwa Kassim, na nikifika nisiseme.

Kibandani kwa Mzee Kassim

Hii ndiyo sehemu ndefu kuliko zote za safari yangu, ingawa sikutoka mahali. Mzee Kassim alikuwa chini ya kibanda chake cha makuti, anasuka dema. Nilimpa shikamoo. Akaniitikia, akaniuliza hali, nikamjibu yote, mpaka nazi. Kisha nikakaa. Alikuwa na vipande vya mwanzi vilivyochanwa, vimelowekwa kwenye ndoo. Alipomaliza kimoja nilimpa kingine. Akakipokea.

Tulifanya hivyo asubuhi nzima. Ndani yangu mlikuwa na basi, mto, Alhamisi, mabati, Bwana Shauri na saa yake ya ukutani. Miguu ilinicheza yenyewe. Mara mbili nilifungua kinywa nikakifunga. Nikaona jinsi mikono yake inavyokwenda: hakivuti kipande, anakipinda kidogo, anakingoja kikubali, ndipo anakipitisha.

Karibu na adhuhuri akaniuliza, bila kuacha kusuka:

"Hiyo shule itakuwa na vyumba vingapi?"

"Vinne."

"Na wasichana?"

"Nao."

Akasuka mstari mzima. Kisha akasema ana wajukuu watatu, na wa kike ndiye mwenye akili. Nikampa kipande. Akasuka mstari mwingine.

"Lori la Lunga Lunga bado linaondoka saa tisa?"

"Linaondoka saa tisa, mzee."

Akakata ncha ya mwanzi kwa kisu, akasimama, akajipangusa. Hakusema ndiyo. Saa nane alikuwa njiapanda na wenzake wanne, wamevaa kanzu safi, na shangazi nyuma yao na mkoba wake.

Kwale mara ya pili

Tuliingia Kwale Alhamisi saa tatu na nusu, tumesafiri kwa lori na kulala juu ya magunia. Watu wa Msambweni na Bodo walikuwa wamekwisha fika. Benchi lilikuwa tupu. Sikupata kujua yule mzee wa Kiduruma aliulizwa au hakuulizwa, na hata leo jambo hilo hunirudia.

Bwana Shauri alituingiza sote, watu kama ishirini, tukasimama. Akauliza kama tumekubaliana shule ikae Msambweni. Tukasema tumekubaliana. Akachukua kalamu.

"Mwenyekiti nani?"

Kimya. Kila mtu akatazama sakafu. Nilijua kimya kile ni cha nini: kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake nafasi. Bwana Shauri hakujua. Aliona watu ishirini wasiojua walichokuja kufanya. Akatazama saa ya ukutani, akasema kama hawana kiongozi basi hawako tayari, na watu wa Kinango wako tayari. Kisha akanitazama mimi, kalamu juu ya karatasi. Alikuwa ananingoja niseme kama nilivyosema wiki ile.

Neno moja tu. Nililiona mbele yangu, na ninakiri nililitamani. Msambweni wangelikubali, Bodo wangelikubali. Jego wangesema tumesikia, wangerudi kwao, na watoto wao wasingekuja hata siku moja.

"Bwana," nikasema kwa Kiingereza, "nipe dakika tano na usiandike kitu. Tunachagua." Nikamgeukia Mzee Kassim kwa Kiswahili. "Mzee wetu, tunakuomba wewe utuongoze."

"Mimi siwezi," akasema. "Wako wanaonizidi."

Bwana Shauri akainua kalamu. "Amekataa."

"Hajakataa, Bwana. Ngoja." Nikamgeukia tena. "Mzee, hatumwoni anayekuzidi. Tunakuomba."

"Mimi ni mtu wa madema tu. Sijui Kizungu."

"Amekataa mara mbili," akasema Bwana Shauri.

"Ndiyo, Bwana. Imebaki moja."

Mtu wa Bodo alikohoa kuficha kicheko. Nikaenda mbele ya Mzee Kassim, nikainamisha kichwa, nikasema Kizungu ninacho mimi, yeye atusemee na mimi nitaandika. Na nyuma yangu Msambweni wakasema tunakuomba, mzee, na Bodo wakasema hivyohivyo. Jego walikuwa wa mwisho, na walisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mzee Kassim alitazama mikono yake.

"Basi ikiwa mmenitwika," akasema, "nishikeni nisianguke."

Nikamwambia Bwana Shauri sasa aandike. Akaandika. Alimwuliza mwenyekiti mpya anataka mabati yaletwe lini, na Mzee Kassim, kwa sauti ile ile ndogo, akamjibu siku, mahali na idadi, na akamsahihisha alipokosea idadi. Hakuna tena aliyetazama sakafu.

Watu walipokuwa wanatoka, Bwana Shauri aliniita nibaki. Akaniambia amependezwa na kazi yangu, na kwamba boma linatafuta msaidizi wa kusimamia shule zote za wilaya, kazi yenye ofisi na pikipiki. Je, naitaka?

Wenzangu, naitaka mpaka leo. Lakini nilikuwa nimetoka kujifunza jambo asubuhi ileile, na moyo wangu ulikuwa umelainika.

"Bwana," nikasema, nikitazama chini, "mimi bado mdogo. Wako wanaonizidi."

Nikangoja.

"Nimekuelewa," akasema Bwana Shauri, akanipa mkono, akavuta faili jingine.

Nilisimama pale kidogo zaidi ya ilivyo adabu. Kisha nikatoka.

Kurudi nyumbani

Ndani ya basi la kurudi nilimsimulia shangazi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso, na abiria wa mbele wakageuka.

"Sahani imerudi jikoni," akasema.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwenyekiti wenu ni fundi wa madema na hakuna aliye bora kuliko yeye, na mimi ni mwandishi wake, na mwandishi kama mimi hampati kuanzia Likoni mpaka Vanga. Mabati yamekwisha fika.

Tulipopita njia ya Diani, shangazi alifungua mkoba wake, akatoa mkate wa mofa aliopewa na binti yake, akaukata vipande viwili. Akaninyooshea kimoja.

"Unakula?" akauliza.

Sikumngoja aulize mara ya pili.